Tunapunguza, Hatuongezi: Jinsi ya Kupanga Masomo ya Sekondari kwa Mtoto Anayelenga Chuo Kikuu

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi hunifuata nyumbani hapa Moshi na swali lile lile. Mara hii wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama mmoja wa Pasua, tunasali pamoja. Alishika ratiba ya bintiye wa kidato cha tatu: masomo kumi ya shuleni, tuisheni ya masomo matano jioni, na Jumamosi nzima kwa mwalimu wa Hisabati. "Mwalimu, mtoto anataka udaktari," akaniambia. "Sasa nimwongezee lipi?"

Nikamjibu: mama, hatuongezi, tunapunguza.

Nimefundisha Kemia kwa miaka mingi na kwa muda nikakaa kwenye ofisi ya taaluma. Watoto wengi niliowaona wakikosa kozi waliyoitamani hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikesha, ila nguvu zao walizipeleka pasipohesabiwa. Kwa hiyo nimeyaandika haya ili mzazi na mwanafunzi wakae nayo mezani pamoja, daftari na kalamu mkononi.

Hatua ya 1: Anzeni na kozi, ndipo mrudi kwenye masomo

Andikeni kozi tatu. Ya kwanza iwe ile mtoto anayoiota, ya pili iwe jirani yake, ya tatu iwe ambayo angeipokea kwa moyo mweupe mbili za juu zikishindikana. Binti wa Pasua aliandika udaktari wa binadamu, uuguzi na sayansi ya maabara za afya. Zote zinafundishwa Chuo Kikuu cha KCMC, hapa hapa mjini.

Kisha tafuteni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hutolewa kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Kuna wa waliomaliza kidato cha sita na kuna wa wenye stashahada, msivichanganye. Humo kila kozi ya kila chuo imeandikiwa sifa zake. Zinakilini kwa mkono. Nasema kwa mkono kwa sababu mtoto akiandika mwenyewe kwamba udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kwa Kemia na Baiolojia na angalau E kwa Fizikia, na jumla isiyopungua alama 6, haitoki kichwani tena. Kozi nyingi za uhandisi nazo zinasimama juu ya Hisabati na Fizikia.

Wa Arusha wana mengi ya kuangalia karibu na nyumbani: Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha, Makumira kule Usa River. Huku Moshi tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, Chuo Kikuu cha Mwenge, na Mweka kwa wanaopenda wanyamapori. Someni sifa za vyuo viwili vitatu kwa kozi moja, maana hutofautiana. Na muangalie mwongozo mpya kila mwaka. Maelezo ya kaka aliyeingia chuo miaka sita iliyopita ni ya miaka sita iliyopita.

Hatua ya 2: Zijueni hesabu mbili

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, nami naomba mpatulie.

Baraza la Mitihani, NECTA, linahesabu pointi kwa namna ambayo ndogo ndiyo nzuri. Kidato cha sita A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Masomo matatu yanajumlishwa: pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu.

TCU wanahesabu kinyume, kubwa ndiyo nzuri. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu tu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa ujumla ni ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi, jumla yake isipungue 4.

Sasa tazameni watoto wawili wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wa kwanza amepata A ya Baiolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa NECTA ana pointi 9, daraja la kwanza, na nyumbani wanachinja mbuzi. Wa pili amepata C ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Ana pointi 12, daraja la pili, na hakuna aliyempigia simu ya pongezi. Lakini ukifungua sifa za udaktari, wa kwanza hana sifa, kwa kuwa S haihesabiki kama ufaulu unaotakiwa, na udaktari unadai masomo yote matatu. Wa pili anazo: 3 na 2 na 1 ni 6. Kama atachaguliwa ni jambo jingine, maana waombaji ni wengi na vyuo huanza na wenye alama kubwa. Ila mlango uko wazi kwake, na kwa mwenzake umefungwa.

Nimewahi kukaa na mzazi wa mtoto wa aina ile ya kwanza. Hakuna maneno ya kumwambia mtu siku hiyo. Mtoto alipenda Baiolojia, akaisoma usiku na mchana kwa sababu ilimpa raha, na Fizikia akaiacha ijiendee. Maswali kumi zaidi ya Fizikia kila wiki yangebadilisha njia yake.

Basi katika daftari, chini ya kila kozi, mwanafunzi aandike somo lipi likianguka linafunga mlango. Hilo ndilo linalopewa saa nzuri za siku, hata kama halipendi.

Hatua ya 3: Kidato cha tatu, chagueni mzigo unaobebeka

Kidato cha nne, daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la kwanza ni 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25. Somo la nane, la tisa na la kumi hayaongezi chochote kwenye jumla hiyo, isipokuwa likichukua nafasi ya lililo baya zaidi.

Mwanafunzi mwenye masomo kumi aliyepata B moja, C tatu na D tatu katika saba bora ana pointi 23, daraja la tatu. Angebeba manane, saa alizoziokoa zikabadilisha D mbili kuwa C, angefika 21, daraja la pili. Simaanishi kila mtu abebe manane. Anayelenga sayansi, akichukua yale ya lazima pamoja na Fizikia na Kemia, tayari ana tisa, na hilo halikwepeki. Ninachokataa ni kumbandikia utunzaji wa vitabu vya hesabu na somo jingine juu yake "ili awe na akiba". Akiba hiyo inakula mtaji.

Ulizeni pia mtoto yuko kwenye mtaala upi. Baada ya sera ya elimu kutolewa upya mwaka 2023, mtaala mpya umekuwa ukiingia hatua kwa hatua, una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na orodha ya masomo ya lazima si ile mliyosoma ninyi.

Mambo mawili sitayalegeza. La kwanza ni Hisabati. Hata anayekwenda kusoma sheria, asiitupe. Kozi nyingi za uchumi, biashara na kompyuta zinaangalia Hisabati ya kidato cha nne kwa asiyesoma ile ya juu, na ile D inayodharauliwa leo inaweza kuwa ndiyo inayomwokoa miaka mitatu mbele. La pili ni masomo ya dini. Yasomwe, yana baraka yake, lakini uchaguzi wa kidato cha tano unadai angalau C tatu nje ya masomo ya dini. Asiyategemee yambebe.

Hatua ya 4: Pangeni wiki ya kweli

Ratiba nyingi ninazoletewa ni za mtoto asiyeishi popote. Hazina daladala, hazina ndoo ya maji, hazina mdogo wa kubebwa mgongoni. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka Ngaramtoni kwenda shule ya Arusha mjini anaamka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni. Ukimwandikia saa tano za kusoma usiku, unamwandikia usingizi darasani.

Fanyeni hivi. Kwa wiki moja mwanafunzi aandike saa zake zote jinsi zilivyotumika, bila kubadilisha lolote: njiani, shamba, kuuza dukani, kanisani au msikitini, simu pia. Jumapili jioni mkae mhesabu zilizobaki. Mara nyingi zinakuwa 12 hadi 15 kwa wiki nzima. Hizo ndizo za kugawa, si zile za kwenye ndoto.

Zigaweni kwa mafungu. Karibu nusu iende kwenye masomo matatu ya kozi, na katika hiyo nusu, somo linalofunga mlango lipate fungu kubwa. Robo iende kwa Hisabati na Kiingereza. Kiingereza nakitaja kwa sababu mtihani wa Baiolojia umeandikwa kwa Kiingereza, na nimesahihisha majibu ya watoto waliojua jambo ila wakakosa sentensi ya kulisema. Kilichobaki ni cha masomo mengine yote, ambayo kwa sehemu kubwa hushibishwa na kusikiliza vizuri darasani na kufanya mazoezi siku hiyo hiyo.

Kuhusu tuisheni nitasema wazi, ingawa wapo walimu wenzangu watakaonuna. Tuisheni moja au mbili zinazoziba tundu linalojulikana ni msaada. Tuisheni tano ni shule ya pili. Kabla hujalipa, muulize mtoto: ni mada gani huelewi? Akitaja "mole concept" au vekta, mpeleke. Akisema "zote", tatizo si tuisheni, ni muda wa kukaa peke yake na daftari. Na tuisheni ya mtaani haina maabara. Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi ya vitendo, na mkono unaojua bureti haupatikani kwa kukariri. Mwanafunzi awabane walimu wake shuleni, aombe kurudia jaribio, ajitolee kuosha vyombo ikibidi.

Likizo ya Desemba najua ilivyo. Sisi wa mlimani tunapanda nyumbani, kuna ndugu, kuna sherehe, kuna mbege kwa wakubwa. Mwacheni mtoto afurahi na wenzake. Lakini Desemba ya kidato cha tatu ina wiki za mwanzo, kabla magari hayajajaa barabara ya Marangu na Rombo. Wiki hizo mbili, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, zinatosha kumaliza mada mbili ngumu alizozikimbia mwaka mzima.

Usingizi usiguswe. Asiyelala kwa muda wa saa saba anasoma ukurasa mmoja mara nne.

Hatua ya 5: Kuchagua tahasusi

Tahasusi ni ule mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, na kosa la kuichagua vibaya nimelifanya mwenyewe, kwa mwanangu wa kwanza. Alitaka upimaji wa ardhi. Jiografia alikuwa na B, Hisabati B, Fizikia C, Kemia C ya kubahatisha. Moyo wake ulitaka PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati. Mimi, mama mwalimu wa Kemia, nikasukuma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu niliamini ndiyo yenye heshima zaidi. Alimaliza na D ya Hisabati, E ya Fizikia na S ya Kemia. Kwa TCU, D na E ni alama 3, na kiwango cha chini ni 4. Alikosa kwa alama moja, na Jiografia yake nzuri haikuwepo ya kumsaidia. Aliingia stashahada, akafaulu, leo ana shahada na kazi, lakini miaka aliyozunguka ilikuwa ni ya kwake na mimi ndiye niliyeitumia.

Kwa hiyo angalieni vitu vitatu kwa pamoja. Matokeo ya kidato cha nne katika masomo yale matatu, yote, si mawili mazuri na moja la kuombea. Daftari la kozi: je, tahasusi hii inafungua kozi zote tatu tulizoandika? PCB inafungua udaktari, uuguzi na maabara. CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, inafungua mengi ya mazingira na kilimo lakini udaktari haufungui, kwa sababu haina Fizikia. Na tatu, shule yenyewe. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, ni jambo jema, ila tahasusi kwenye orodha ni kitu kimoja na mwalimu darasani ni kingine. Pigeni simu, ulizeni waliomaliza mwaka jana.

Uchaguzi hujazwa kwenye fomu ya Selform mtoto akiwa bado shuleni, kabla hajajua matokeo. Baada ya matokeo kutoka, TAMISEMI hufungua mfumo ili wahitimu wabadilishe. Wazazi wengi hawajui hilo, na dirisha halikai wazi muda mrefu. Matokeo yakitoka, kaeni siku hiyo hiyo na daftari. Mtoto aingie mwenyewe kwa taarifa zake, arekebishe, kisha arudi kuangalia kama mabadiliko yamehifadhiwa.

Miezi kati ya mtihani wa kidato cha nne na kuripoti kidato cha tano mwezi wa Julai ni mirefu. Wengi huanza masomo ya awali ya kidato cha tano mtaani. Si vibaya. Ila kabla ya kukimbilia mada mpya, arudie misingi iliyomsumbua, na ajifunze kompyuta kiasi cha kuandika na kujaza fomu mwenyewe.

Hatua ya 6: Kidato cha tano si cha kupumzika

Julai hadi Mei ya mwaka wa mtihani ni miezi 22, na likizo zinakula humo. Masomo ni matatu makubwa, kila moja na karatasi zaidi ya moja. Mtoto aliyezoea kushika nafasi ya tatu darasani atapata 38 kwenye mtihani wa kwanza na kulia. Mwambieni mapema kwamba hilo huwapata wengi.

Wiki za mwanzo ndizo za kubadili tahasusi ndani ya shule kama nafasi ipo. Miezi mitatu ikipita, ni kuvumilia. Asiyesoma Hisabati ya juu mara nyingi hupewa hisabati tumizi, na wanafunzi huichukulia kama mzigo wa pembeni. Tazameni tena daftari la kozi: zipo shahada zinazoitaja kwa jina. Saa mbili kwa wiki zinaitosha, zisikose.

Kila baada ya mtihani wa muhula, na hasa ule wa utamilifu wa mkoa, geuzeni alama kuwa hesabu ya TCU. Msimuulize "umekuwa wa ngapi?" Muulizeni "una alama ngapi kuelekea kozi ya kwanza, na ni somo gani linakuangusha?" Swali hilo linamwondolea mtoto aibu na kumpa kazi ya kufanya.

Hatua ya 7: Karatasi

Nazipitia haraka, lakini msizidharau. Cheti cha kuzaliwa kiwe na majina yale yale, kwa herufi zile zile, yatakayosajiliwa NECTA. Anayeitwa Elifuraha kanisani na Furaha shuleni atateseka. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi aandae na cheti cha kifo. Fanyeni hayo akiwa kidato cha tano, si Agosti foleni ikiwa imejaa. Anayesoma sayansi na kufanya vizuri sana aujue pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo wa 2022/2023 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliong'ara kwenye sayansi.

Anayelenga Marekani ajue kwamba kule wanaangalia alama za miaka yote ya sekondari, barua za walimu na insha, na maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, kabla hata ya mtihani wetu wa Mei. Atunze ripoti zake zote tangu kidato cha kwanza.

Njia ya stashahada

Isiitwe ya walioshindwa. Baadhi ya wahitimu wa kidato cha nne hupangiwa vyuo vya kati moja kwa moja, na Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikilea mafundi tangu 1978. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba shahada. Kwa kijana ambaye mikono yake inaelewa haraka kuliko vitabu, ningeiandika kama kozi ya pili kwenye daftari tangu mwanzo.

Matokeo yakitoka

Kidato cha sita matokeo hutoka karibu na Julai, na maombi hupelekwa kwenye vyuo vyenyewe. Ombeni zaidi ya kimoja, kwa kufuata zile kozi tatu. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, atatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, naye lazima athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Laini ya simu iwe yake, isiwe ya shemeji aliyeko Dar.

Binti wa Pasua sasa ana masomo tisa, tuisheni moja ya Fizikia siku za Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi anamsaidia mama yake genge la Mbuyuni hadi saa sita. Daftari lake lenye kozi tatu liko juu ya kabati, na mwisho wa muhula tutalifungua tena pamoja.